Mtangazaji aliyeangushwa na ndege bandia, akashindwa na Ali mara nne

USIKU mmoja wa mwaka 1976, katika studio ya BBC jijini London, mwanamume nadhifu mwenye suti na tai aliangushwa kitini na ndege wa kuchezea.

Ndege huyo alikuwa kikaragosi cha emu, jamaa wa mbuni anayepatikana Australia, na aliyekuwa amemvaa mkononi ni mchekeshaji Rod Hull. Emu hakuwa na neno. Kazi yake ilikuwa moja tu, kudonoa. Alimdonoa mwenyeji wa kipindi, akamvuruga, akamvua kiatu, na mwishowe kiti kikapinduka na mwenye kiti akajikuta sakafuni. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Mgeni mwingine wa usiku ule alikuwa Billy Connolly, mchekeshaji wa Glasgow aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Yeye alimwonya Hull mapema: ndege akimsogelea, atavunja shingo ya ndege na mkono wa mwenye ndege.

Aliyeanguka ni Michael Parkinson. Kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake alilalamika, nusu kwa utani na nusu kwa uchungu, kwamba amekaa kiti kimoja na wasanii wakubwa wa karne, lakini watu wakimwona barabarani wanamuuliza habari za yule ndege.

Kwa wasomaji wengi wa upande wetu wa dunia jina hilo si la kila siku. Kipindi chake, kilichoitwa kwa jina lake la ukoo, kilianza Juni 1971. Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni kwa miaka michache tu, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lakini yumo mgeni wake mmoja ambaye hahitaji kutambulishwa kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam, na tutamfikia.

Parkinson alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Cudworth, Yorkshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Mzee huyo alimshusha mwanawe mgodini siku moja, si kumfundisha kazi bali kumtia hofu asije akaifikiria. Dawa ilifanya kazi. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kuandikia gazeti la mtaani, akapanda hadi magazeti makubwa, kisha televisheni. Tamaa ya baba ilikuwa nyingine kabisa. Alitaka mwanawe achezee timu ya kriketi ya Yorkshire. Parkinson alipenda kusimulia kwamba hata baada ya kuwa maarufu nchi nzima, mzee alimpongeza kwa kukutana na watu wote wale na kupata fedha nzuri, kisha akamkumbusha kwamba hiyo bado si sawa na kuichezea Yorkshire.

Katika simulizi zake, nyingi ni za namna hiyo: anayechekwa ni yeye mwenyewe. Ya Orson Welles, mwongozaji na mwigizaji wa Marekani mwenye umbo kubwa na sauti kubwa zaidi, ni mfano mzuri. Parkinson alikuwa bado mgeni katika kazi, na alikuwa ameandika maswali yake kwa uangalifu kama mwanafunzi wa mtihani. Welles aliomba kuyaona, akayasoma, akayaweka kando, akamwambia wataongea tu. Na waliongea. Parkinson alisema somo lile lilimfaa kuliko mafunzo yoyote.

Ya Connolly nayo ina ladha yake. Katikati ya miaka ya 1970 Parkinson alikuwa Glasgow, na dereva wa teksi akamuuliza kama anamjua mchekeshaji mmoja wa pale mjini. Hakumjua. Dereva hakuishia kwenye maneno, alihakikisha abiria wake anaondoka na santuri ya mtu huyo. Hapa anayevuka mpaka na mzigo wake atatabasamu, kwa sababu anajua habari ya kweli kuhusu bei ya vitunguu upande wa pili mara nyingi haitoki ofisini bali kwa dereva. Connolly aliitwa kipindini mwaka 1975. Alitoa mzaha ambao meneja wake alikuwa amemkataza, kuhusu mtu aliyemzika mkewe huku sehemu ya nyuma ikibaki nje ili apate pa kuegesha baiskeli. Waingereza waliokuwa hawamjui walimjua kabla ya kulala. Alirudi tena na tena hadi akafikisha mara 15.

Halafu kuna Muhammad Ali.

Walikutana mbele ya kamera mara nne, ya kwanza 1971 na ya mwisho 1981, na Parkinson aliyahesabu mahojiano hayo kama mabondia wanavyohesabu mapambano: amepigana manne, ameshindwa yote. Mara ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Ali alitunga mashairi, alijisifu, alimtania mwenyeji wake. Mwaka 1974 mambo yalibadilika. Huo ndio mwaka ambao Oktoba 30, mbele ya watu wa Kinshasa waliokuwa wakimshangilia kwa Kilingala, alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane na kurudisha mkanda wake. Watu wa rika fulani katika ukanda huu bado wanaweza kukuambia walikuwa kwenye redio ya nani siku ile.

Katika mahojiano ya mwaka huo Parkinson alitoa kitabu cha mwandishi Budd Schulberg na kumuuliza Ali inakuwaje ahubiri kujitenga na weupe huku akiwa na marafiki weupe. Ali aliona ni mtego. Uso ulibadilika, sauti ikapanda, na kwa dakika ndefu mwenyeji alibaki akijaribu kupenyeza neno. Ali alimwambia wazi kwamba hana uwezo wa kumkabili, si kwa akili wala kwa ngumi. Kipindi kilipokwisha, kwa mujibu wa Parkinson, baba yake alimfuata na swali moja tu: kwa nini hukumpiga?

Simulizi hiyo huchekesha kila inaposimuliwa, na ilikusudiwa ichekeshe. Lakini ukiyatazama mahojiano yale leo, kicheko kinapungua. Ali hakuwa anaigiza. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa mkanda na leseni kwa kukataa vita vya Vietnam, na aliyechoka kuulizwa na wanaume waliovaa suti kama anamaanisha anachosema. Miaka michache baadaye, Februari 1980, hali iligeuka. Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuziomba nchi zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Waandishi wa habari walimhoji kwa ukali kuhusu Marekani na Afrika Kusini, na safari hii Ali ndiye aliyekosa majibu, akakiri mbele yao kwamba hakuwa ameelezwa mambo yote. Alikuwa na ujasiri wa kusikiliza. Hilo halikuonekana sana London.

Mahojiano ya mwaka 1981 Parkinson hakuyasimulia kwa kicheko. Ali alikuwa ametoka kupigwa na Larry Holmes, na maneno yake yalikuwa yamepungua kasi. Miaka mitatu baadaye madaktari walitaja ugonjwa wake, nao unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza wa karne ya 19 asiye na uhusiano na mtangazaji.

Si kila aliyekaa kwenye kiti kile alitoka akicheka. Mwaka 1975 mwigizaji Helen Mirren, kijana wakati huo, aliulizwa zaidi kuhusu umbo lake kuliko kuhusu kazi yake. Alimjibu kwa akili na utulivu, na baadaye akasema bila kuficha kwamba alidhalilishwa. Hiyo haiwezi kuwekwa kwenye fungu la vituko. Mwaka 2003 Meg Ryan wa Hollywood alijibu kwa neno mojamoja hadi Parkinson akamuuliza angefanya nini kama angekuwa yeye. Angefunga mazungumzo, akajibu. Kwa miaka mingi Parkinson aliitaja siku hiyo kama mbaya kuliko zote na lawama akamtupia mgeni, lakini uzeeni alikiri kwamba hata yeye alikosea na kwamba angetaka kumwomba radhi.

Frank Sinatra hakumpata kamwe. Alijaribu kwa miaka, na alipoulizwa nani alimponyoka, jina hilo lilikuwa la kwanza, likifuatwa na la mchezaji kriketi wa Australia, Don Bradman.

Kipindi kilisimama 1982, kikarudi 1998, na kikafungwa kabisa Desemba 2007. Waliopita kwenye kiti chake wanakadiriwa kuzidi 2,000. Mwaka 2008 alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir.

Alifariki Agosti 16, 2023, akiwa na miaka 88. Televisheni za Uingereza zilirudia picha zake bora: Ali akinyoosha kidole, Connolly akicheka mzaha wake mwenyewe, na katikati yao, kama alivyotabiri, mwanamume mwenye suti akipinduka na kiti huku ndege bandia akiwa juu yake.