Kwapa la Kulia, Kwapa la Kushoto

Mwaka 1888, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, iliingia sokoni krimu ya kupaka kwapani iliyoitwa Mum. Ndiyo inayotajwa kuwa deodoranti ya kwanza kuuzwa kwa jina la kibiashara, na kiungo chake kilichofanya kazi kilikuwa zinki. Iliuzwa na kupendwa kabla sayansi haijathibitisha kikwapa kinatoka wapi.

Jibu lilipatikana miaka 65 baadaye. Mwaka 1953 watafiti wa ngozi, wakiwamo Walter Shelley na Harry Hurley, walikusanya jasho la tezi maalumu za kwapani na kuonyesha kwamba likitoka tu, kabla bakteria hawajaligusa, halinuki. Jasho hilo silo lile la majimaji na chumvi linalotutiririka mgongoni juani. Ni zito kidogo, lina mafuta na protini, na tezi zake huanza kazi mtu anapobalehe. Bakteria wa kwapani hulivunjavunja, na kinachobaki baada ya mlo wao ndicho kinachonuka. Mwaka 1991 watafiti wa kituo cha Monell, hukohuko Philadelphia, walitambua asidi moja iliyo kiini cha harufu hiyo. Mwaka 2020 wenzao wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kimeng'enya ambacho bakteria aitwaye Staphylococcus hominis hukitumia kuzalisha kemikali yenye salfa, kali kiasi kwamba kiasi kidogo sana hewani kinatosha kusikika.

Kwa hiyo wakosaji wakuu ni wawili, asidi na salfa, na zinki ina la kufanya kwa wote wawili. Oksidi ya zinki, poda nyeupe iliyomo katika losheni ya kalamini na krimu za vipele vya nepi, haiyeyuki katika maji lakini huyeyuka ikikutana na asidi. Asidi ya kikwapa ikiigusa inageuka kuwa chumvi ya zinki. Chumvi hairuki hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Salfa nayo hushikamana na zinki kwa nguvu, na ndiyo sababu zinki huwekwa pia katika baadhi ya dawa za kusukutua kinywa. Juu ya hayo, zinki inayoyeyuka kidogo kidogo hupunguza kasi ya bakteria wenyewe.

Kuna pia zinki risinoleti, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mbarika, mmea ambao asili yake ni upande huu wetu wa Afrika. Risinoleti haitegemei kuua bakteria. Kazi yake ni kunasa harufu iliyokwisha kutengenezwa.

Sasa fikiria mtafiti anayetaka kujua ni kampaundi ipi ya zinki iliyo bora. Njia nyepesi ni kuotesha bakteria wa kwapani katika kisahani cha maabara, kudondoshea kila kampaundi, kisha kuangalia ni wapi bakteria wamekufa. Kwa kipimo hicho risinoleti itaonekana haifai kitu, ilhali kwapani inaweza kumwondolea mtu aibu siku nzima. Kisahani kimejibu swali la bakteria, na mtumiaji aliuliza swali la harufu. Naamini bidhaa nyingi husifiwa au kudharauliwa kwa sababu ya kuchanganya maswali haya mawili.

Swali la harufu hujibiwa kwa pua. Kampuni kubwa huajiri wanusaji waliofunzwa, ambao hunusa makwapa ya waliojitolea na kuyapa alama. Kabla ya jaribio, washiriki huacha deodoranti zote kwa siku kadhaa na kuoga kwa sabuni isiyo na dawa, ili mabaki ya bidhaa za zamani yaondoke. Kisha dawa inayopimwa hupakwa kwapa moja, na krimu ileile isiyo na zinki hupakwa la pili. Kwa nusu ya watu zinki huwekwa kulia na kwa nusu nyingine kushoto, kwa kuwa makwapa ya mtu mmoja huweza kutofautiana kwa harufu. Si mnusaji wala mnuswaji anayejua ipi iko wapi. Alama hutolewa baada ya saa kadhaa, na tena kesho yake. Uzuri wa mpango huu ni kwamba chakula, joto, homoni na wasiwasi wa siku hiyo vimeyapata makwapa yote mawili, hivyo tofauti inayobaki ina sababu chache sana za kusingiziwa.

Mtu kujinusa mwenyewe ni ushahidi dhaifu. Pua huzoea harufu inayoishi nayo, kama muuza samaki asivyoisikia tena harufu ya meza yake.

Harufu ikishapimwa, bado kuna ngozi na nguo. Kloridi ya zinki huyeyuka vizuri mno katika maji, lakini huunguza ngozi, kwa hiyo haifai kwapani. Oksidi ni pole kwa ngozi ila huacha weupe kwenye nguo nyeusi. Risinoleti ni ngumu kama nta na lazima iyeyushwe vizuri ndani ya mchanganyiko, la sivyo itakaa tu pale bila kunasa chochote.

Hili linawahusu moja kwa moja wajasiriamali wanaotengeneza deodoranti za mafuta ya nazi na bikaboneti ya soda. Soda hupunguza harufu, lakini ni ya kibesi kuliko ngozi, na watu wengi hupata wekundu na muwasho. Kuibadilisha kwa oksidi ya zinki ni wazo zuri linalostahili kujaribiwa. Ila kiungo kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja, krimu ya zamani upande huu na mpya upande ule, na anayenusa asiambiwe. Anayeongeza oksidi, risinoleti na mafuta ya mchaichai kwa mkupuo, harufu ikipungua, hatajua kama kilichofanya kazi ni zinki au ni mchaichai uliofunika tu.