Magurudumu ya gari kuukuu chini ya mkokoteni wa ng'ombe

Mkokoteni unaovutwa na maksai mkoani Katavi, ule unaotoa magunia ya mahindi na mpunga mashambani na kuyafikisha barabarani, mara nyingi hutembea kwa magurudumu yaliyoanza maisha yake chini ya gari. Bodi ya gari ikishaoza na injini ikishauzwa vipandevipande, ekseli na rimu hubaki na miaka mingi ya kazi. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ni mfano mzuri kwa sababu chuma chake ni kinene na vipuri vyake vimetapakaa nchini. Hata hivyo gurudumu la gari halihamii kwenye tela kwa kuchomelewa tu. Lina vipimo vyake, na fundi akivipuuza, mzigo utamkumbusha mbali na gereji.

Ekseli huchaguliwa kwanza, rimu baadaye. Ekseli ya mbele ya pikapu isiyo na fowili hufaa sana, kwani gurudumu lake huzunguka juu ya beringi zilizokaa kwenye mkono wa chuma usiozunguka. Halikuumbwa kusukumwa na injini. Mikono hiyo miwili hukatwa na kuungwa kwenye bomba au chuma cha pembe nne, ikinyooshwa kwa uangalifu ili magurudumu yote mawili yatazame upande mmoja. Yakipishana hata kidogo, tairi hukokotwa ubavu badala ya kubingirika, kashata zake huliwa upesi na maksai hubeba adhabu isiyo yao.

Ekseli ya nyuma inahitaji kujulikana vizuri zaidi. Katika Land Rover za zamani, habu hubebwa na beringi zilizo nje ya kasha la ekseli, na shafti iliyo ndani ina kazi moja tu, kupeleka mzunguko. Shafti ikichomolewa na tundu lake likazibwa kwa kifuniko, gurudumu linabaki mahali pake na difu linalala bila kuzunguka. Katika ekseli ya nyuma ya Hilux mambo ni tofauti kabisa: shafti yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu. Anayeichomoa ili kupunguza uzito anakuwa amelitoa gurudumu pamoja nayo. Ekseli hiyo inaweza kutumika, ila iachwe nzima na oili yake.

Kinachofuata ni duara la bolti. Rimu yenye matundu sita hupimwa kirahisi, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Toyota nyingi za kazi, zikiwamo Hilux na Land Cruiser za zamani, zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, yaani inchi 5 na nusu. Land Rover za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 165.1, na hapo upimaji huwasumbua wengi, kwa sababu matundu matano hayakabiliani. Njia ipo. Hupimwa umbali wa matundu mawili yanayopakana, kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine, kisha umbali huo hugawanywa kwa 0.588. Rimu ya Land Rover hutoa milimita 97. Ukigawanya unapata 165. Hesabu hiyo ya dakika moja inaokoa safari ya kwenda kununua rimu isiyoingia.

Matundu kuafikiana hakutoshi. Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalopita juu ya habu. Rimu za Toyota zenye bolti sita zina tundu la milimita 106 hivi, ilhali za Mitsubishi L200, zenye duara lilelile la bolti, zina milimita 67. Rimu ya Mitsubishi haiwezi kuingia kwenye habu ya Toyota. Ya Toyota itaingia kwenye habu ya Mitsubishi, lakini itaacha pengo pande zote, na kazi yote ya kuliweka gurudumu katikati itaziangukia nati.

Nati ndizo zinazostahili maelezo marefu, kwa maana wengi huamini kwamba bolti hubeba mzigo kama msumari unavyobeba koti. Sivyo. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, kama mpira mgumu mno, na katika kutaka kurudi huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Fundi anayesukuma spana yenye mkono wa sentimita 40 kwa nguvu ya kilo 28 anaikaza bolti ya milimita 12 kiasi cha kuibana rimu kwa nguvu inayokaribia tani 4 na nusu, meno yakiwa safi. Bolti sita zinafikisha tani 27. Hata kama msuguano ni asilimia 15 tu ya nguvu hiyo, rimu haitateleza hadi isukumwe kwa tani 4 hivi, na mkokoteni wa Katavi hauufikii uzito huo kwenye gurudumu moja.

Lakini hesabu hiyo ni ya chuma kugusana na chuma. Rangi nene iliyopakwa juu ya habu, tabaka la kutu au matope yaliyokauka husagika taratibu safarini, bolti inarudi katika urefu wake na mbano unapotea bila nati kuzunguka hata robo. Tangu hapo rimu huanza kucheza na bolti zinapokea vipigo ambavyo hazikuumbiwa. Dalili zake huonekana kwa macho: michirizi myekundu ya vumbi la kutu inayoshuka kutoka kwenye nati, pete inayong'aa kuzunguka tundu, na mwishowe tundu lililorefuka kama yai. Rimu iliyofika hapo haifai tena, wala haifai kujazwa kwa kuchomelea. Ndiyo maana uso wa habu husuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, nati hukazwa kwa kupishana, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zote hukazwa upya.

Mdomo wa nati nao una umbo lake. Nati iliyochongoka huingia kwenye tundu lililochongoka na kuivuta rimu katikati. Nati bapa yenye washa hukaa kwenye uso bapa. Ukizichanganya, chuma hugusana kwenye ukingo mwembamba tu. Kosa hilohilo hutokea rimu inapogeuzwa ndani nje ili kuupanua mkokoteni: uchongaji wa matundu unabaki upande wa habu na nati inakalia ukingo mtupu. Meno pia hayachanganywi. Land Rover za zamani zina bolti za inchi, Toyota zina za milimita, na nati iliyolazimishwa huyala meno ya bolti huku ikimdanganya fundi kwamba imekaza.

Gurudumu likishafungwa hujaribiwa kabla tela halijashushwa kwenye jeki. Fundi hushika chaki karibu na ukingo wa rimu, mkono ukiwa umetulizwa juu ya tofali, kisha gurudumu huzungushwa polepole. Chaki ikigusa mzunguko mzima kwa mstari mmoja, rimu imekaa sawa. Ikigusa upande mmoja na kuruka mwingine, nati hufunguliwa na kazi kuanza upya. Baada ya hapo tairi hushikwa juu na chini na kutikiswa. Beringi za roli zenye umbo la koni, zilizokaa mbilimbili, moja ndani na moja nje, zinatakiwa kuwa na uhuru mdogo mno. Zikikazwa kupita kiasi huchemka na kuunguza grisi, zikilegea husagana. Sili ya ndani iliyopasuka haivumiliwi, kwani vumbi la kiangazi likishachanganyika na grisi linakuwa msasa.

Tairi huchaguliwa kwa mzigo. Magunia kumi ya kilo 100, pamoja na mkokoteni wenye kilo 250 na watu wawili, hufikia kilo 1,400 hivi, yaani 700 kwa kila gurudumu. Tairi ya gari dogo yenye namba 88 ubavuni imeruhusiwa kilo 560. Mwendo wa maksai hauichemshi tairi kama mwendo wa gari, hivyo ziada kidogo huvumilika, lakini shimo la barabarani halijali mwendo.

Ukubwa wa tairi una faida nyingine. Tairi ya 7.50-16 ina kimo cha sentimita 80 hivi, ile ya rimu ya inchi 13 haizidi 60 kwa kawaida, na kubwa hupanda ukingo wa shimo kwa wepesi zaidi. Kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa, tani moja huvutwa kwa nguvu ya kilo 30 tu. Kwenye mchanga mlegevu huhitaji hata kilo 200. Maksai wawili wenye kilo 350 kila mmoja huweza kuvuta siku nzima kwa takriban sehemu ya kumi ya uzito wao, yaani kilo 70. Kwenye mchanga huo fimbo haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kupunguza magunia, kuongeza jozi ya pili, au kutoa upepo kidogo ili tairi ipanuke juu ya mchanga.

Mwisho ni mahali pa kuiweka ekseli. Katikati ya mzigo panatakiwa kuwa mbele kidogo ya ekseli. Mzigo wa tani moja ukitangulia kwa sentimita 10, na nira ikiwa mita 3 kutoka kwenye ekseli, shingo za maksai hubeba kilo 33. Ukitangulia kwa sentimita 30, hubeba kilo 100, na ngozi huchubuka chini ya nira. Ukirudi nyuma ya ekseli, mti wa kuvutia huinuka na kuwakaba koo kila wanapopanda mlima. Kipimo cha shambani hakihitaji mzani: mkokoteni ukiwa umepakiwa na umesimama mahali tambarare, mtu mmoja ashike mti huo kwenye nira na kuunyanyua. Ukimshinda, gunia moja au mawili husogezwa nyuma kabla ng'ombe hawajafungwa.