NAMNA YA KUPONYESHA TRONSONEZE ILIYOKAMATA JUU YA MOTO



Kati yetu wengi tunalipiwa minervali na mbao. Baba ao mujomba iko na tronsoneze, anapasua mbao, anauzisha, na mutoto anasoma. Siku mashini inakufa, mutoto anarudishwa nyumbani. Hata hapa kwetu, mashini iliyokuwa ikipasua mbao za viti vya darasa la kwanza ilikamata katikati ya muti, na wadogo wetu wakakaa juu ya matofali majuma tano. Watu wengine walisema itupwe, tutafute ingine. Fundi akasema hapana, tufungue kwanza. Sisi wa darasa la mwisho tulimusaidia, na leo inakata. Tunaandika habari hii kwa sababu wengi wanatupa mashini ambayo ingepona, na wengine wanaweka pistoni mupya bila kutafuta ugonjwa, na kisha siku mbili inakufa tena.

1. JUU YA NINI INAKAMATA?

Motere ya tronsoneze ni ya de tan. Haina mafuta yake chini sawa motere ya motokari. Mafuta yanaingia pamoja na esanse. Basi esanse ikipunguka ndani ya motere, mafuta nayo yanapunguka. Tena haina maji ya kupunguza moto, ni upepo tu: gurudumu iliyo upande wa kamba inapuliza upepo kwenye mapezi ya silinda.

Mashini ikizunguka mara 12.000 kwa dakika, ni mara 200 kwa segonde moja, na kila muzunguko esanse inalipuka. Mufikiri moto ule! Silinda inapulizwa upepo inje, lakini pistoni iko ndani ya moto. Tulisoma mu fizika kama kitu kikipata moto kinapanuka. Basi pistoni inapanuka kupita silinda, na nafasi kati yao haipiti unene wa jani moja ya kaye. Nafasi ikiisha, mafuta yanaungua, aliminiyumu ya pistoni inaraaruka na kushikamana na silinda. Ndiyo tunasema: motere imekamata.

2. UGONJWA UNATOKA WAPI?

a) Mafuta haba katika esanse. Wengi wanapima kwa macho. Kama kitabu cha mashini kinasema 1 kwa 50, ni mililita 100 kwa litre 5 za esanse. Kama kinasema 1 kwa 25, ni mililita 200. Tafuta pompi ya sindano mupya ya mililita 20, bila chuma yake: mara tano ni 100, mara kumi ni 200. Mafuta ni yale ya de tan, si yale ya motokari.

b) Hewa inaingia pasipofaa. Mupira kati ya karbirateri na silinda unapasuka, ao mipira inayofunga pembeni ya vilebrekeni imekauka. Alama yake: mashini inapandisha sauti yenyewe bila mutu kufinya gazi, na haitulii upesi.

c) Karbirateri imepangwa mahali pengine. Hii watu wengi hawaijue. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kisangani iko karibu metre 400. Kule juu hewa ni nyepesi. Fundi akipanga karbirateri mulimani, kisha mashini ikashuka mu pori ya chini, itavuta hewa nzito zaidi, karibu sehemu moja juu ya kumi, lakini esanse ni ile ile. Muchanganyiko unakuwa mukavu, na moto unapanda. Mwenye mashini anasema ni uchawi wa watu wa pori. Kumbe ni visi moja tu ya kugeuza.

d) Filitre ya esanse ndani ya tanki imeziba kwa uchafu ao maji.

e) Unga wa mbao umejaa katika mapezi ya silinda, upepo haupite.

f) Sheni ni butu. Sheni kali inatoa vipande. Sheni butu inatoa unga, na mutu anafinya kwa nguvu. Na kupasua mbao kwa urefu wa muti ni kazi nzito kupita kuangusha muti, sababu mashini inalia kwa nguvu yote dakika nyingi bila kupumzika.

3. KUPIMA MBELE YA KUFUNGUA

Uache mashini ipoe kabisa. Usivute kamba kwa nguvu ikiwa ya moto, utaongeza kidonda. Ikikwisha kupoa, funga kontakti, shika kitasa cha kamba, na uache mashini ining'inie pole pole. Ikishuka kwa mapigo, kidogo kidogo, nguvu ya ndani ingali. Ikianguka mara moja sawa ndoo mu kisima, nguvu imepotea.

Kisha toa bomba ya moshi na uangalie pistoni kupitia tundu kwa taa. Pistoni nzima inangaa na ni laini. Ukiona mistari mirefu upande ule wa moshi, ni moto uliofanya. Kama pistoni imelika upande wa karbirateri, ni vumbi iliyopita katika filitre ya hewa, na dawa yake ni ingine.

4. KAZI YENYEWE

Kwanza, safisha mashini inje mbele ya kufungua. Chembe moja ya muchanga ikiingia ndani, kazi yote ni bure.

Pili, toa karbirateri, fungua buloni ine za silinda na uivute juu moja kwa moja. Ziba tundu ya chini na kitambaa safi, juu vyuma vidogo vinavyofunga akse ya pistoni vinapenda kuruka. Akse isukumwe kwa mukono. Ukiipiga nyundo, utapindisha bieli.

Tatu, silinda. Mara nyingi silinda haijafa, imepakwa tu aliminiyumu ya pistoni. Hapa kemia inasaidia: sode ile ya kupika sabuni inakula aliminiyumu, lakini haikule ngozi ngumu ya krome ao nikeli iliyo ndani ya silinda. Tia sode kidogo katika maji (si maji juu ya sode), chovya pamba kwenye kijiti, na upake pale penye alama tu. Itatoa mapovu. Ikiacha kutoa mapovu, osha kwa maji mengi, kausha, paka mafuta. Usiache sode iguse mahali pengine, maana mwili wa silinda nao ni aliminiyumu.

ANGALISHO: Mapovu yale ni idrojeni, inawaka. Fanya inje, bila moto wala sigara. Sode inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, muda murefu, kisha uende kwa muganga.

Ine, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukiteleza, silinda ni nzima. Ukikwama katika mufereji, ao ukiona ngozi imebanduka, silinda imekufa. Usidanganyike na papiye vere. Usikubali pia fundi anayesugua pistoni ya zamani na kuirudisha. Pistoni na segema vinunuliwe vipya, bei yao ni ndogo kupita bei ya mashini.

Tano, kurudisha. Mushale ulio juu ya pistoni uangalie tundu ya moshi. Ncha mbili za segema zikutane pale penye kipini kidogo cha pistoni. Vyuma vya kufunga akse viwe vipya. Paka mafuta ya de tan, finya segema kwa vidole, na ushushe silinda moja kwa moja bila kuizungusha. Ukizungusha, ncha ya segema itaingia katika tundu na kuvunjika. Weka jwe mupya chini ya silinda, kaza buloni kwa musalaba, kidogo kidogo.

5. MBELE YA KUWASHA

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Pistoni mupya haiponyeshe ugonjwa, inaponyesha kidonda tu. Shurti urudie orodha ile ya namba 2, kutoka a mpaka f, kimoja kimoja. Mimina esanse ya zamani ya tanki, na usiitie tena katika mashini. Badilisha mupira uliopasuka na filitre iliyoziba.

Visi yenye alama H fungua kidogo upande wa kushoto, ili esanse iwe nyingi kwanza. Washa, uache ipate moto pole pole, na katika tanki za kwanza ikate miti midogo tu. Kisha sikiliza. Ikiwa na nguvu yote bila kukata kitu, inafaa sauti iwe sawa ya mutu anayekohoa kidogo. Ikiingia katika muti, sauti inasafika. Ikiimba sauti nyembamba safi hata inje ya muti, ni kavu, inajiua. Zima mara moja na ufungue H tena.

Na wale wa kupasua mbao: kisha ubao murefu, uache mashini izunguke bila gazi kidogo mbele ya kuizima, ili upepo upoze silinda. Dakika moja ya kungoja haishinde majuma tano ya matofali.

Likizo iko karibu. Kila mwanafunzi aliye na tronsoneze kwao aulize wazee maulizo tatu tu, kwa heshima: Mafuta munapima na nini? Mapezi ya silinda mulisafisha siku gani? Karbirateri ilipangwa wapi? Mutoto aliyesoma fizika hawezi kumufundisha baba kazi ya pori, lakini kupima mililita 100 anaweza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho