Gari lililolala miaka 14 haliamshwi kwa pupa

Kwa miaka 14, Peugeot 504 ya mjomba wangu ilikaa chini ya mparachichi huko Kangemi, magharibi mwa Nairobi. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Mwaka huu wanawe wakapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, anayenunua kwa kilo. Mjomba, mwenye miaka 79, akanipigia simu Mombasa: "Mpwangu, njoo kabla hawajanipima na mimi."

Sikwenda kwa huruma tu. Stesheni wagoni hiyo ilibeba abiria kutoka River Road hadi Nakuru miaka ya themanini, na karo yangu ilitoka humo. Wakenya wa rika lake waliziamini Pijo kwa sababu. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kisha 504 ikashinda 1975 na 1978.

Nilipofika, fundi wa jirani alikuwa tayari na kamba. "Tulivute tu, litashika," akasema. Nikamwomba asubiri. Injini ikilala muda mrefu, oili yote huteremka chini na kuta za silinda hubaki kavu. Pete za pistoni zinaweza kushikwa na kutu. Ukilivuta gari kwa nguvu, pete huvunjika na kuchana silinda, na kazi ya siku chache inageuka kuwa ya kununua injini.

Tulianza na logibuku. Bila hati zilizo sawa, utafufua gari ambalo huwezi kulikatia bima wala kuliuza.

Kisha tulitoa plagi zote nne, tukamimina oili kidogo katika kila tundu na kuiacha siku tatu. Siku ya tatu tuliweka spana kwenye nati ya puli ya krenki na kuzungusha kwa mkono, polepole. Ikasogea. Kama ingekataa, tungelazimika kufungua kichwa cha injini, na hapo pana mtego. Slivu za injini ya 504 huzungukwa na maji moja kwa moja. Ukishaondoa kichwa, zibane kabla ya kugusa krenki, la sivyo zitanyanyuka na maji yataingia kwenye oili.

Petroli ya zamani hugeuka gundi. Tulishusha tanki, tukamwaga uchafu wote na kuliosha. Kabureta tuliifungua na kuzibua vijitundu vyake kwa dawa na upepo. Usitumie waya, kwa kuwa tundu likipanuka gari litakula mafuta bila kipimo. Nyaya zilizotafunwa na panya tulizibadilisha kabla ya kufunga betri mpya.

Spea tulizitafuta mjini, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Tulipata kontaki, paipu za redieta na mipira ya breki. Ushauri wangu ni uende na kifaa cha zamani mkononi. Saluni na stesheni wagoni kwa kawaida hutofautiana ekseli ya nyuma, na maelezo ya mdomo yatakurudisha dukani mara tatu.

Tuliweka oili mpya na maji, tukapiga stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili ikazimika. Ndipo tukarudisha plagi. Jaribio la tano likawaka, likatoa moshi wa buluu dakika kadhaa, kisha likatulia. Mjomba hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya boneti.

Wanawe walitaka kutoka nalo palepale. Nikakataa. Kuwaka ni jambo moja, kusimama ni jingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na silinda zake hupata kutu kwa ndani. Tairi za miaka 14, hata zikiwa na meno, zimeshapasuka pembeni. Vyote hivyo tulivibadilisha, na vilikula pesa kuliko injini.

Kwa wenzangu wa Pwani mlio na gari la baba uani, anzeni chini. Hewa yetu ina chumvi. Chukua bisibisi, lala chini ya gari, dunga sakafu na kingo. Ikizama, usitumie hata shilingi kwenye injini kabla mchomeleaji hajakuambia kama bodi inafaa kuokolewa. Gari la mjomba liliponea hapo, kwa sababu lililala bara.

Si kila gari litafika kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hili halitafika. Lakini baada ya ukaguzi na bima, mzee alituendesha hadi Dagoretti Corner na kurudi. Wanawe walikaa nyuma, pale walipotagia kuku. Mnunuzi wa vyuma alipopiga simu, mkubwa wao ndiye aliyejibu: "Limeshatoka."