Umeme Kwanza, Chipu Baadaye

Vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huishi jirani na tembo wanaovuka mpaka usiku na kuingia katika mashamba ya mahindi, mtama na mihogo. Ulinzi wa mashamba hayo, ambao tangu zamani hutegemea moto, kelele za madebe na macho ya wakulima wanaokesha vibandani, unaweza leo kusaidiwa na kifaa cha kielektroniki ambacho kijana aliyesoma fizikia ya sekondari, akiwa na chuma cha kulehemu na subira, anaweza kukiunda mwenyewe. Kifaa cha namna hiyo huwa na taa za kumulika, king'ora, kihisi kinachotambua kiumbe kinachopita kwa joto la mwili wake, betri inayochajiwa na sola, na bodi ya saketi inayoviamrisha vyote hivyo.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Richard Turere, kijana Mmaasai aliyekulia Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambaye akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki na taa za tochi mbovu, akapata taa zinazowaka kwa zamu na kuwafanya simba wadhani kwamba kuna mtu anayetembea zizini. Mwaka 2013 alieleza ubunifu huo katika jukwaa la TED nchini Marekani. Saketi yake haikuwa na programu, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa kifaa chenye sehemu chache kina mahali pachache pa kuharibikia. Lakini kisanduku cha indiketa hurudia mdundo uleule kila usiku, na tembo, aliye mwepesi wa kujifunza, huizoea haraka taa au sauti isiyobadilika. Hapo ndipo mikrokontrola inapohitajika.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja, yenye sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu ya kuhifadhi programu, na miguu ya kupokea taarifa na kutoa amri. Inayotumiwa sana na wanaojifunza ni ATmega328P, chipu ya miguu 28 iliyo pia kwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo asili yake ni mradi ulioanza mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Anayenunua bodi ya Arduino huikuta imekamilishiwa mahitaji yote, ilhali anayeichukua chipu tupu na kuipachika katika bodi aliyoichora mwenyewe, kisha akaondoa shaba isiyotakiwa kwa feri kloraidi, hana budi kuyatimiza mahitaji hayo kwa mkono wake. Mahitaji yenyewe ni manne: chipu ipate umeme wa kiwango kinachofaa, mguu wa kuianzisha upya usishikiliwe upande wa hasi, kuwe na saa ya kuipigia mdundo wa kazi, na iwepo programu ya kutekelezwa. Likikosekana moja, bodi hukaa kimya, na ukimya wa kukosa umeme hauwezi kutofautishwa kwa macho na ukimya wa kukosa programu.

Kwa sababu hiyo muundaji asiye na uzoefu huilaumu chipu kwanza, akaing'oa na kuweka nyingine, ingawa chipu ndiyo sehemu ambayo mara nyingi ni nzima. Kwa mtu aliye Mugumu au Tarime mjini kosa hilo ni la gharama, kwa kuwa chipu mbadala ni kitu cha kuagiza kutoka Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na ikipachikwa katika bodi ambayo kasoro yake haijaondolewa huenda nayo ikaungua. Multimita ya bei nafuu, yaani kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani, ina faida kubwa kuliko akiba ya chipu tano.

Uchunguzi huanza betri ikiwa imechomolewa. Lehemu iliyoshika vizuri hung'aa na kutambaa juu ya shaba, na ile iliyofifia na kujikunja kuwa kitone huwa imeugusa mguu bila kuungana nao. Multimita ikiwekwa kwenye mlio, yaani hali ya kulia pale njia ya umeme inapokuwa imeunganika, hupitishwa kutoka mguu hadi mguu ili kubaini njia zilizokatika wakati wa kuondoa shaba pamoja na matone ya lehemu yaliyounganisha njia mbili. Mlio wa mfululizo kati ya chanya na hasi ya chipu ni dalili ya shoti, na bodi hiyo haipaswi kupewa umeme hadi shoti iondolewe. Bodi za nyumbani zina pia kasoro yao maalumu: mchoro unaohamishwa kwa pasi kutoka kwenye karatasi hugeuka kama sura kwenye kioo, na muundaji aliyesahau kuugeuza kabla ya kuuchapa hupata bodi nzuri ajabu ambayo miguu ya kushoto ya chipu imekaa kulia.

Baada ya hapo ndipo umeme hupimwa, na hupimwa kwenye miguu ya chipu yenyewe, wala si kwenye betri. Katika ATmega328P mguu wa 7 na wa 20 hupokea chanya, na wa 8 na wa 22 hasi. Yote minne inapaswa kuunganishwa, na kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na chipu, kuwe na kapasita ya nanofaradi 100, ambayo huzima mitikisiko midogo ya umeme. Betri ya sola ya volti 12 hupunguzwa hadi volti 5 kwa regyuleta ya 7805, na volti 7 zinazobaki hugeuka joto: mkondo wa nusu ampea huzalisha wati 3.5 za joto, kiasi ambacho regyuleta isiyo na bati la kupoozea haiwezi kukistahimili, hivyo hujikata yenyewe na kurudi ikipoa. Bodi inayofanya kazi dakika chache, ikazima, kisha ikafufuka, inafaa ichunguzwe hapo kabla ya pengine popote.

Wengi hutumia betri kuukuu za simu, za volti 3.7, na hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Chipu hii ikiendeshwa kwa megahezi 16, yaani midundo milioni 16 kwa sekunde, huhitaji takriban volti 3.8 au zaidi, ila kwa megahezi 8 hutosheka na takriban volti 2.4. Zaidi ya hayo, chipu ina mlinzi wa ndani anayeizuia kuanza umeme unapokuwa mdogo mno, na mlinzi huyo akipangwa kwenye volti 4.3, betri ya simu, ambayo hata ikijaa haizidi volti 4.2, haitaiamsha kamwe. Dawa yake ni kubadili mpangilio wa mlinzi na kupunguza kasi, wala hakuna kipuri cha kununua.

Mguu wa 1, wa kuanzisha upya, huunganishwa na chanya kupitia rezista ya ohmu 10,000, na kipimo chake kinapaswa kukaribia volti za chipu. Kikisoma sifuri, chipu imeshikiliwa isianze. Kuhusu saa, chipu mpya hutoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani kwa megahezi 1, na ndiyo maana taa iliyoandikiwa iwake kila sekunde kwa hesabu ya megahezi 16 huwaka kila baada ya sekunde 16, dalili inayoonyesha kwamba chipu ni nzima na kilichokosewa ni mpangilio. Kinyume chake, chipu iliyokwisha kupangwa itegemee kristali ya nje, kisha ikawekwa katika bodi isiyo na kristali, huonekana imekufa na hata kifaa cha kuandikia programu hakipati jibu. Ikiwekewa kristali kwenye miguu ya 9 na 10, pamoja na kapasita mbili za pikofaradi 22 kuelekea hasi, huamka.

Kasoro ngumu zaidi hutokea kifaa kinapoongezewa moduli ya simu ili kimpelekee mkulima ujumbe. Moduli ya SIM800L hufanya kazi kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma ujumbe huvuta kwa mpigo mkondo unaoweza kufika ampea 2. Waya mwembamba ukishindwa kuupitisha, volti hushuka na mikrokontrola huanza upya katikati ya ujumbe, kisha hujaribu tena na tena bila kufaulu. Kapasita kubwa, kwa mfano ya maikrofaradi 1,000, ikiwekwa jirani na moduli husaidia kwa namna ya mtungi unaojazwa taratibu na kuchotwa kwa mkupuo, lakini waya mnene na mfupi husaidia zaidi. Hasi ya moduli na hasi ya mikrokontrola ziwe zimeungana, vinginevyo vifaa hivyo viwili havielewani hata kama kila kimoja ni kizima.

Bodi iliyofaulu mezani inaweza kukwama shambani. King'ora kinachowashwa kwa relei, yaani swichi inayovutwa na koili yenye sumaku, huhitaji dayodi sambamba na koili hiyo, kwani koili inapozimwa hurusha volti kubwa za kinyume zinazoweza kuivuruga chipu au kuunguza transista. Mvua za masika nazo huleta unyevu unaopitisha mkondo kati ya njia za shaba zilizokaribiana, hasa pale mabaki ya dawa ya kulehemia hayakusafishwa kwa spiriti. Bodi iliyosafishwa na kukauka hupakwa vanishi angavu kila mahali isipokuwa kwenye viunganishi na kwenye soketi ya chipu, kwa maana vanishi ikiingia humo huzuia umeme kupita, na bodi hunyamaza upya.