Barua ya Kuomba Mchango wa Miti

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa chama cha mazingira katika shule moja ya upili. Wanafunzi waliazimia kuchangisha pesa za kupanda miti kando ya mto ulio karibu na shule, wakaniletea barua waliyokusudia kuwapelekea wazazi. Kwa ufasaha, haikuwa na kasoro. Jangwa lilikuwa linanyemelea, dunia ilikuwa inaangamia na vizazi vijavyo vilikuwa vinalia. Nikaitia sahihi kwa fahari. Majuma matatu baadaye, kisanduku cha michango hakikuwa na pesa za kununua hata jembe moja.

Mzazi mmoja ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu," aliniambia langoni, "mmetueleza kwamba dunia inakufa. Hamkutueleza mnataka shilingi ngapi, wala zile za mwaka juzi zilikwenda wapi."

Maneno hayo yalinichoma, kwani yalikuwa kweli tupu.

Aghalabu sisi walimu hufundisha barua rasmi kana kwamba kazi yake ni kuonyesha msamiati na anwani mbili. Kumshawishi mtu afungue mkoba ni jambo jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walionyesha kwamba watu walioombwa kumsaidia msichana mmoja aliyetajwa kwa jina walitoa zaidi kuliko walioelezwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Nasi tulikuwa na mto ambao kila mzazi amewahi kuuvuka, lakini tuliuacha tukaandika habari za sayari nzima!

Hebu tutazame mfano wa hapa nchini. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa mwaka 1988 kuchangisha pesa za kujenga ua wa nyaya za umeme kuulinda msitu wa Aberdare na wanyama wake. Ua huwekwa nguzo baada ya nguzo, na mchangaji aweza kuhesabu kilomita. Ulipokamilika mwaka 2009, ulikuwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Nalo vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa akina mama kijizawadi kwa miche iliyoshika na kukua, si kwa ile iliyochomekwa ardhini tu siku ya wageni.

Tuliandika barua upya. Tuliutaja mto kwa jina lake, tukataja bei ya mche mmoja, kisha tukafika penye mwiba. Miche ya mwaka juzi ilikuwa 200, na 140 ilikauka kwa kuwa hakuna aliyeinyweshea maji wakati wa likizo ya Desemba. Katibu wa chama alinisihi tuliache jambo hilo. "Mwalimu, tukikiri tutaaibika, na hawatatoa kitu." Nakiri kwamba nami nilisita. Mwishowe tuliandika yote, pamoja na majina ya watakaobaki kunywesha miche.

Hatukupata mamilioni. Tulipata za miche 90 na ndoo sita. Yule mzazi wa langoni alitoa shilingi mia moja, akasimama akingoja stakabadhi. Hatukuwa na kitabu cha stakabadhi, kwa hiyo katibu akachana karatasi ya daftari, akamwandikia.