Mfalme Wako Analala Wapi?

Wengi wenu mnajua kwamba Jumamosi jioni baadhi yetu tunakutana Barking, kwenye sebule ya mwenzetu mmoja si mbali na stesheni, tunapiga sataranji (wengine wanaita chesi) na kunywa chai ya tangawizi. Mwanzoni tulikuwa watu 4. Muhula huu kuna siku tumefika 14, mpaka ubao mmoja ukawekwa juu ya meza ya kupigia pasi. Ni jambo jema sana. Lakini kuna ugonjwa umeingia, na nataka tuuzungumze kabla haujatumalizia watu.

Ugonjwa wenyewe ni ufunguzi wa ajabu ajabu. Mtu ameangalia video usiku kwenye simu, Jumamosi anakuja anasukuma askari wa pembeni hatua mbili, au anamtoa mfalme nje kwenye hatua ya pili kabisa. Robo saa haijaisha, kafungwa. Akifungwa mara nne mfululizo, wiki inayofuata humwoni tena, anasema ana "assignment". Na si suala la Jumamosi tu. Muhula uliopita tulicheza mechi ya kirafiki na wenzetu wa chuo kingine, tukafungwa 3 kwa 2. Mbao mbili kati ya hizo tatu ziliisha kabla ya hatua ya 15, mfalme wetu bado yuko pale pale alipozaliwa. Tungeokoa mmoja tu, mechi ilikuwa yetu.

SATARANJI SI DRAFTI

Wengi wetu tumekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda. Kwenye drafti unamaliza kete za mwenzako, basi umeshinda. Kwa hiyo tunakuja kwenye sataranji na akili ya kuhesabu: nimekula ngapi, nimeliwa ngapi. Hapo ndipo tunapoumia. Neno sataranji limetufikia kupitia Kiarabu, nao Waarabu waliutoa mchezo kwa Waajemi, na asili yake ni India. Wazungu wanaposema "chekimeti" wanarudia maneno ya Kiajemi, shah mat, yaani mfalme amekwama. Mchezo wote umo humo. Unaweza kuwa na mali yote ya ubaoni, mfalme akikwama umekwisha.

Mfano mfupi kuliko yote ni huu. Mweupe anasukuma askari wake kwenda f3. Mweusi anasukuma wa kwake kwenda e5. Mweupe anaongeza mwingine, g4. Mweusi anampeleka malkia h4, na mchezo umekwisha, hatua mbili tu! Hakuna kete hata moja iliyoliwa. Kwa nini? Kwa sababu hatua zile mbili za mweupe zimefungua njia ya mshazari kutoka h4 mpaka kwa mfalme pale e1, na hakuna kitu cha kuweka katikati. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Angalia pia askari anayeanza f2 (au f7 kwa mweusi). Mchezo unapoanza, yeye pekee analindwa na mfalme tu. Askari wengine wote wana ngome, farasi, askofu au malkia nyuma yao. Ndiyo maana mashambulizi mengi ya haraka yanalenga hapo, na ndiyo maana kumsukuma askari huyo mapema bila sababu ni kama kung'oa mlango wa nyumba ukiwa umelala ndani.

MCHEZO ULIOPIGWA STRAND, 1851

Kwa wanaotaka ushahidi mkubwa zaidi, panda treni ya District kutoka Barking, teremka Embankment bila kubadilisha, tembea dakika chache hadi mtaa wa Strand. Huko, kwenye ukumbi wa Simpson's Divan, tarehe 21 Juni 1851, Adolf Anderssen alicheza na Lionel Kieseritzky mchezo ambao dunia inauita Mchezo Usiokufa. Anderssen alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Breslau, amekuja London kwa mashindano ya kwanza ya kimataifa, ambayo aliyashinda. Mchezo huu wenyewe ulikuwa wa kirafiki tu.

Kieseritzky, mwenye weusi, alimtoa malkia kwenye hatua ya 3, na kwenye hatua ya 4 akatoa askari wa b5 bure. Ufunguzi wa mbwembwe. Sasa hesabu naye. Katika hatua zake 22, malkia alitembea mara 8. Farasi mmoja alikwenda f6, akaenda h5, akarudi f6, halafu kwenye hatua ya 14 akarudi nyumbani g8, kama vile hajawahi kutoka. Ngome zake mbili hazikusogea hata mara moja. Mfalme alibaki katikati mpaka hatua ya 21, na aliposogea, alisogea kwa kufukuzwa.

Anderssen alitoa askofu mmoja, ngome zote mbili na malkia. Kieseritzky yeye alipoteza askari watatu tu. Watatu! Na bado kwenye hatua ya 23 alifungwa, kwa askofu mmoja na farasi wawili. Mali ilikuwa nyingi lakini iko stoo, haiko mlangoni kwa mfalme.

Mtu atauliza: mbona mfalme wa Anderssen naye alikuwa wazi? Kweli, alisogea f1 mapema kabisa. Tofauti ni kwamba kete zake zilikuwa kazini, na za mwenzake zimelala. Usalama wa mfalme unapimwa kwa kuangalia nani anaweza kufika kwake, na nani yuko karibu kumtetea.

LAKINI SI WAPO WALIOSHINDA NAZO?

Wapo. Mwaka 1980 kule Skara, Sweden, Mwingereza Tony Miles alikutana na Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo. Karpov akafungua e4, Miles akajibu a6, hatua iliyoonekana kama ya mtoto. Halafu b5. Na alishinda. Vijana wetu wanapenda sana kuutaja mchezo huu. Wanachosahau ni yaliyofuata: Miles alitoa maaskofu na farasi wake kwa utaratibu, na akamficha mfalme. Ajabu ilikuwa kwenye hatua mbili za mwanzo, zilizobaki zilikuwa kazi ya kawaida. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kuhusu kumtoa mfalme hatua ya pili: ndiyo, Machi 2021 Magnus Carlsen na Hikaru Nakamura walifanya hivyo wote wawili, wakacheka, wakarudia hatua wakatoka sare. Lakini walikuwa wameshafuzu raundi inayofuata na mchezo ule haukuwa na uzito. Ule ulikuwa utani wa mabingwa. Wewe una mechi.

TUFANYEJE BASI?

Pale Barking kuna dada mmoja muuguzi, anakuja akitoka zamu. Hajui jina la ufunguzi hata mmoja. Anatoa askari wa katikati, farasi, askofu, anamficha mfalme, basi. Wiki iliyopita alicheza na kijana wa mwaka wa kwanza, kijana anarusha askari huku na huku, dada akamwuliza taratibu, "Mdogo wangu, mfalme wako analala wapi leo?" Kijana hakuwa na jibu. Hatua sita baadaye ubao ulijibu.

Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Askari wa katikati kwanza (e au d), ili kete za nyuma zipate njia.

2. Farasi na maaskofu kabla ya malkia. Malkia akitoka mapema anafukuzwa na vidogo, na kila akikimbia mwenzako anapata hatua ya bure.

3. Mfiche mfalme mapema. Ile hatua ambayo mfalme anaruka nyumba mbili na ngome inahamia upande wake wa pili, ifanye ndani ya hatua 10 za mwanzo ukiweza. Kumbuka mfalme au ngome hiyo ikishasogea, ruhusa hiyo imekufa.

4. Askari watatu walio mbele ya mfalme waache walale, mpaka pawepo sababu.

5. Ukitaka kujaribu ufunguzi wa ajabu, jaribu Jumamosi, si siku ya mechi. Na ujue hatua ya 10 utakuwa wapi, si ya 3 tu.

Mwisho, wale mliopotea kwa sababu ya kufungwa, rudini jamani. Tatizo si akili zenu, ni mpangilio wa hatua kumi, na hatua kumi zinafundishika kwa jioni moja. Tunahitaji mbao tano zilizokamilika kabla ya mechi ya marudiano. Chai ipo.